Chumvi Niliyoizidisha Kilimani

Kwanza, vijana, acheni kuokota majani ya misonobari kwa vidole. Najua mnafanya hivyo, kwa sababu majuzi nilipita pale kilimani nikamwona mmoja wenu amepiga magoti juu ya theluji na mfuko wa plastiki mkononi. Hoja yake ni sahihi. Jani jeusi hunyonya jua, likapata joto, likachimba kishimo, na kesho kishimo ni bakuli. Lakini kwa kila jani aliloliokota, magoti yake yalibonyeza mashimo mawili. Tumia reki ya meno mapana. Simama, vuta taratibu kuelekea pembeni. Mimi nilichukua misimu mitatu kulijua hilo, na magoti yangu bado yananikumbusha.

Nimestaafu sasa. Kazi yangu ilikuwa theluji, kwenye kilima kimoja cha kutelezea kusini-magharibi ya Minneapolis, mbele kidogo ya Eden Prairie. Wenyewe wanakiita mlima. Mimi nilizaliwa Njombe, kwa hiyo nilinyamaza. Nilianza miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi ambaye masomo yake yamekatika, na hakuna aliyeniweka darasani kunifundisha. Vitabu vya theluji niliviazima maktaba ya Saint Paul, nikavinakili kwenye daftari la mistari, na nilipofika kazini nilijua majina ya aina za chembe za theluji lakini sikujua kufungua bomba lililoganda.

Nilikuwa kijana mwenye hofu. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu naona wengine wenu mna ugonjwa huohuo. Nilikuwa nikifunga kufuli la banda la mashine, narudi kulijaribu, naondoka, narudi tena. Nilipima upana wa njia ya kutelezea kwa futi ya fundi kila asubuhi, ingawa hakuna aliyeniomba. Bi Marlys, msimamizi wetu, mwanamke wa makamo aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe, alinitazama siku moja nikichimba mfereji wa kuondoa maji chini ya njia. Nilikuwa nimeuchimba kutwa nzima, umenyooka kama uzi. Akasema, "Si mbaya sana." Siku ile nilishindwa kula.

Aliyenieleza ni Salim. Salim alikuwa mtu wa Mombasa, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, aliyewahi kuendesha mashine za kupakia makasha bandarini. Aliishi mtaa wa Phillips, Minneapolis, mimi mtaa wa Frogtown, Saint Paul, na kwa kuwa huko kilimani hakuna basi linalofika, alinipitia kila siku na gari lake.

"Umesifiwa, yakhe," aliniambia njiani. "Watu wa huku wakikipenda kitu mno ndivyo wanavyosema."

"Na wakikichukia?"

"Watasema, 'Hiyo ni tofauti.' Ukisikia hivyo, tafuta pa kujificha."

Salim ndiye aliyeendesha mashine ya minyororo inayosawazisha theluji. Wamarekani waliiita paka, nasi tukaiita paka. Alipomwandikia mamake kwamba kazi yake Marekani ni kuendesha paka, mama alijibu kwa barua akiuliza kama punda wameisha.

Sasa niwaambie ya mwezi wa nne, maana ndiyo mliyoniomba. Wengi mnadhani kurefusha msimu ni kutengeneza theluji nyingi zaidi. Siyo. Ikifika Machi mwishoni, usiku hauna baridi ya kutosha kugandisha maji yanayorushwa na mashine. Ulicho nacho ndicho hicho. Kazi inageuka kuwa ya mlinzi wa ghala. Theluji ya Aprili inatengenezwa Januari: unaiacha ikusanyike kwa vichuguu vikubwa, huivunji, unaiacha ikae, ichuje maji, ishikamane. Halafu unachagua mteremko mmoja tu, ule unaotazama kaskazini, ambao jua la mchana linaupita kwa mbali. Ule wa kusini uache ufe. Hapo ndipo vijana wanaposhindwa. Wanataka kuokoa pande zote mbili, na mwisho wanapoteza zote.

Kila asubuhi unavuta theluji ya kingoni kuileta katikati. Njia inapungua upana siku hadi siku, lakini kina kinabaki. Mchana usiiguse. Ina ganda juu, na ganda ndilo mwavuli wake. Chukua theluji mkononi, ikamue. Ikitoa matone, ondoka, kanywe chai.

Na uwe na akiba. Sisi tulikuwa na kichuguu kimoja nyuma ya banda, tumekifunika kwa unga wa mbao na maranda kutoka kiwanda cha mbao, tabaka lenye kina cha mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Siku hizi mna vitambaa vyeupe maalumu na kompyuta inayowaambia joto la ndani. Sisi tulichomeka fimbo, tukaichomoa, tukaigusa shavuni. Nawaambia ukweli, kompyuta ni bora. Fimbo ilitudanganya mara nyingi.

Msimu ninaousimulia, wenye kilima waliamua kwamba badala ya kufunga mwisho wa Machi kama kawaida, tutakwenda mpaka Jumamosi ya kwanza ya Mei, kama theluji itakuwepo. Kilikuwa kitu cha kujivunia mbele ya vilima vingine. Kwa Salim kilikuwa jambo jingine. Bima ya matibabu ya sisi wa msimu ilikoma siku ileile kilima kinapofungwa, na mkewe Mwanaisha alitarajiwa kujifungua mwisho wa Aprili. Mtoto wao wa kwanza alitoka kwa upasuaji, na daktari alishasema huyu naye huenda akatoka hivyo. Akiingia hospitali kilima kikiwa wazi, bima inamchukua mpaka atoke. Akiingia siku moja baada ya kufungwa, basi.

Na kilima kuwa wazi maana yake ilikuwa moja, aliiweka Bi Marlys na haikupindishwa: mtu aweze kushuka kutoka juu hadi chini bila kuvua skii, zile mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni. Kila asubuhi saa tatu alipanda mwenyewe, akashuka mwenyewe. Akifika chini bila kuvua, mimi naandika kwenye kitabu cha siku: wazi.

Kwa hiyo Salim hakuwa na mzaha na njia ile. Aliijua kama mtu anavyojua kitanda anacholalia.

Katikati ya Aprili ulivuma upepo wa kusini siku mbili. Asubuhi ya tatu njia ilikuwa laini mno. Kwenye kona ya katikati, mtu alizama mpaka kwenye vifundo. Pale ndipo inapoingia chumvi. Wengi wenu mmeambiwa chumvi inayeyusha theluji, na ni kweli, hiyo ndiyo kazi yake barabarani. Lakini juu ya theluji iliyolowa, chumvi ya chembe kubwa ikitiwa kidogo, inayeyusha kidogo, na katika kuyeyusha inavuta joto lote lililo karibu, basi kinachobaki kinaganda kigumu. Unapata saa mbili tatu za njia nzuri. Ni mkopo, na utaulipa kwa theluji. Unatia mkono mmoja, kama unavyowarushia kuku, kisha unaondoka.

Salim alikuwa juu na paka, mimi kwenye kona na gunia. Akaniita kwa redio ya mkononi, kwa jina langu la Obadia alilolifupisha.

"Oba! Tia chumvi, ngoja ikolee."

"Sawa, kaka."

Niwaombe mlisikilize neno hilo kama nilivyolisikia mimi. Nimelelewa jikoni kwa shangazi yangu, aliyekuwa akipikia wageni wa misheni. Kwake kukolea kulikuwa na utaratibu: unatia, unaonja. Haijakolea? Unaongeza. Unaonja tena. Nilitia mkono wa kwanza, nikasubiri, nikakanyaga. Laini. Nikasema moyoni, haijakolea. Nikaongeza. Nikakanyaga. Nikaongeza. Ningemuuliza kwa redio, lakini nilishamuuliza maswali mawili asubuhi ile na nilikuwa nimejiwekea kwamba sitazidisha mawili kwa siku, nisionekane sijui kazi. Niliongeza mpaka gunia likawa jepesi, nikalikung'uta.

Adhuhuri kona ilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji. Wateja wachache waliokuwepo waliishangilia. Bi Marlys alipita, akaigonga kwa fimbo yake, ikalia. Akanitazama.

"Hiyo ni tofauti," akasema.

Nilijificha bandani. Lakini Salim aliposhuka akaiona, alinipiga bega. "Umeipata kona, kijana! Hii itatufikisha." Nikanyamaza. Hapo ndipo kosa lilipoanza hasa, na halikuwa la chumvi.

Kesho yake asubuhi nilichomeka fimbo kwenye kona. Juu kulikuwa na ganda, chini yake fimbo ikaenda yenyewe kama kwenye uji. Chumvi iliendelea kufanya kazi usiku kucha kwenda chini. Nilijua palepale. Vitabu vyangu vya maktaba vilikuwa vimelieleza hilo kwa maneno mengi, na nilikuwa nimelinakili kwa kalamu nyekundu. Sikumwambia mtu. Nilipiga hesabu za kila namna kuona kama inaweza kuwa upepo, na kufikia jioni nilikuwa karibu kujiaminisha.

Jioni ile Salim alinirudisha kwa gari kama kawaida. Mwanaisha alikuwa amefunga mahamri kwenye kitambaa. Tulikula njiani huku Salim akilaani upepo wa kusini kana kwamba ni mtu anayemfahamu jina.

Siku iliyofuata kona ilizama. Ganda lilivunjika, na chini yake paliachwa tundu refu kama hatua ishirini, limejaa maji ya kahawia. Bi Marlys alishuka siku ile kwa kupitia ukingo mwembamba, akasema, "Leo ndiyo, kesho sijui."

"Tuna akiba," Salim akasema. "Tutaimwaga yote hapa leo."

Akaenda nyuma ya banda, akafunua maranda, na kwa blade, lile bamba la mbele la paka, akaanza kusukuma ile theluji ya Januari kupandisha kilima. Ilikuwa nyeupe sana. Mimi nilisimama kwenye kona na koleo, nikimwona anakuja.

Niliielewa hali vizuri kuliko nilivyotaka. Chumvi yote ilikuwa bado pale chini, kwenye maji yale ya kahawia. Akiba ikimwagwa juu yake, italiwa kutoka chini kwa siku mbili, na hakuna nyingine. Nikikaa kimya, hakuna atakayejua. Wote watasema ni upepo. Nilikuwa na muda wa paka kupanda mita mia, na paka huenda polepole.

Nilitupa koleo nikasimama mbele yake nimenyoosha mikono. Salim akasimama, akafungua mlango.

"Una wazimu? Toka njiani!"

"Kaka Salim, usiimwage hapa."

"Niimwage wapi, kwenu Frogtown? Jua lapanda!"

"Hapa pana chumvi."

"Chumvi ya juzi? Ilikuwa mkono mmoja, imeshakwisha."

"Haikuwa mkono mmoja."

Akazima injini. Sikuwahi kumwona akizima injini katikati ya mteremko.

"Mingapi?"

"Gunia."

"Nani kakwambia utie gunia?"

"Wewe. Ulisema ngoja ikolee."

"Nilisema ngoja. Ngoja, Obadia! Hukusikia ngoja?"

"Nilisikia ikolee."

Akainama kutoka mlangoni. "Wewe wafanya kazi au wapika pilau?"

Niliinama kuokota koleo.

"Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi. Na jioni tumepanda gari moja toka hapa mpaka kwako."

"Ndiyo."

"Ukala mahamri ya Mwanaisha."

"Ndiyo."

"Mangapi?"

"Matatu."

Akafunga mlango. Alikaa mle ndani bila kuwasha kitu, mikono juu ya usukani. Mimi nilibaki pale nilipo, maana sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka. Kisha akawasha, akarudi nyuma kidogo, akageuza paka kushoto, kuelekea kivuli cha misonobari, mahali ambapo hatukuwahi kupitisha njia kwa sababu pana mawe na pembe yake ni kali. Akaniita kwa redio ingawa nilikuwa hatua kumi kutoka kwake.

"Kata matawi ya chini. Chimba mfereji juu ya ile kona, hayo maji ya chumvi yasije huku. Usinyooshe mfereji. Uchimbe tu."

Niliuchimba umepinda. Kufikia alasiri tulikuwa na njia mpya, nyembamba kama upana wa paka mwenyewe, inaizunguka kona iliyokufa kwa upande wa kivuli. Akiba yote iliishia pale. Nilikwenda kumwambia Bi Marlys habari ya gunia kabla hajauliza. Nilieleza kwa urefu, na daftari nilikuwa nimelibeba. Akanisikiliza mpaka aya ya pili, akaniuliza kama njia mpya inapitika. Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye kazi zake.

Salim aliendelea kunipitia kila asubuhi. Hakunifokea tena. Hakunisemesha pia, isipokuwa ya kazi: reki, koleo, kamba. Kutoka Frogtown mpaka kilimani ni mwendo mrefu kwa watu wawili walionyamaza, nami nilijifunza majengo yote ya ofisi za Eden Prairie kwa mpangilio wake. Mwisho wa Aprili ukafika, mtoto hakuja. Ukapita. Kila siku njia ilipungua. Nilivuta theluji kutoka chini ya kila mti, kutoka kila shimo lenye kivuli, nikaileta kwa toroli. Mara nyingine toroli zima lilitosha mahali pa ukubwa wa mkeka.

Siku mbili kabla ya ile Jumamosi, Salim hakuja kunichukua. Nilisubiri barabarani mpaka nikamwomba jirani anifikishe. Njiani nilikuwa nawaza mambo mawili kwa zamu: ama yuko hospitali, ama hatimaye amechoka kukaa nami gari moja.

Nilimkuta Bi Marlys amesimama katikati ya njia, skii begani. Pale chini ya misonobari theluji ilikuwa imekatika. Tope na kokoto, urefu wa mtu aliyelala. Niliangalia nyuma ya banda, nikaangalia chini ya miti. Hapakuwa na cha kujaza hata toroli moja.

"Salim yuko wapi?" akauliza.

"Sijui. Hakunipitia."

"Mkewe?"

"Sijui, mama."

Akapanda mpaka juu. Nilimwona akivaa skii, akikaza viatu, akivuta kofia. Akashuka. Alikuja moja kwa moja, hakupunguza mwendo, na alipofika kwenye tope hakusimama wala kuruka. Alipita juu yake. Skii zilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena, kama shoka linalovutwa juu ya jiwe, mwili wake ukaenda mbele, akapepesuka, mkono mmoja ukagusa chini, akainuka, akafika kwenye theluji ya upande wa pili, akaendelea hadi mwisho.

Nilimkimbilia. Alikuwa amezigeuza skii zake anatazama chini yake. Zilikuwa zimekwaruzika vibaya.

"Sikuvua," akasema. "Andika."

Nilikwenda ofisini. Kitabu cha siku kilikuwa na nafasi ya upana wa njia, kina, hali ya theluji, na maelezo, na kwa misimu yote nilikuwa nimezijaza zote, mpaka sehemu za sentimita. Nilikaa na kalamu. Niliandika wazi, nikaacha nafasi nyingine tupu, nikakifunga kabla sijabadili nia.

Saa tano simu ya ofisi ililia. Alikuwa Salim. Mtu wa Mombasa, asiyeweza kukuuliza njia bila kwanza kukuuliza hali ya nyumbani, hakunisalimu.

"Theluji ipo?"

Kutoka dirishani niliiona. Ningeweza kumweleza habari ya tope, na urefu wake, na skii za Bi Marlys.

"Ipo," nikasema.

"Bi Marlys ameshuka?"

"Ameshuka. Nimeandika wazi."

Nikasikia pumzi yake, na nyuma yake sauti za watu na mlango unaofungwa.

"Walimpokea saa moja," akasema. "Wamempasua. Ni msichana. Mama yake ameamka, ameomba chai."

"Alhamdulillahi," nikasema, mimi niliyelelewa misheni.

Kisha, kwa utulivu, kana kwamba simu ndiyo kwanza imelia, Salim akaanza kunisalimu: habari ya asubuhi, umeamkaje, umefikaje huko bila gari, umekula?